Nani Ameshika Ufunguo? Mhadhara uliotolewa Tanga kuhusu serikali zisizolingana ndani ya dola moja

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Sitasimulia Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulivyozaliwa, hapa hakuna asiyejua. Naanzia tulipokaa. Ukivuka mpaka wa Horohoro unaingia Kenya, Kaunti ya Kwale, yenye gavana aliyepigiwa kura na bunge lake la kaunti. Ukipanda chombo ukashukia Wete, Pemba, umeingia kwenye Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yenye Rais, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu. Sisi hapa katikati tuna halmashauri zetu, na juu yake mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais. Watu ni wale wale, wengine ndugu wa tumbo moja, lakini kila upande una utawala wa aina yake.

Kila nikifika hapa huinuka mtu akasema: hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, wasawazishwe! Nimeshachoka kulijibu hili, lakini nitalijibu tena. Kutolingana peke yake si kosa la katiba. Kenya walichagua kulingana mwaka 2010: kaunti 47, kila moja gavana mmoja na seneta mmoja wa kuchaguliwa. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi. Maseneta ni wawili, mmoja huku, mmoja kule. Mlamu atakwambia hiyo ni haki, maana bila hivyo nani angemsikiliza? Wa Nairobi atakuuliza kura yake imekwenda wapi. Wote wawili wana hoja. Na Zanzibar, kwa sensa yetu ya 2022, ni watu milioni 1.9 katika taifa la watu milioni 61.7. Ukiipima kwa vichwa itamezwa kabla ya saa sita mchana. Iliingia mwaka 1964 ikiwa dola, na hadhi yake inatoka huko, wala si kwa fadhila ya mtu.

Kwa hiyo msiniulize nani kapewa kingi. Niulizeni: kilichoandikwa, nani anaweza kukibadili peke yake? Hadhi ya pekee bila kufuli ni ahadi ya mdomo. Na kufuli la kweli lina funguo mbili, kila upande wake.

Kufuli hilo tunalo. Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano ya 1977 inasema mambo fulani, yakiwemo madaraka ya Serikali ya Zanzibar na orodha yenyewe ya mambo ya Muungano, yaani yanayosimamiwa kwa pamoja, hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar wakubali. Ni kifungu kizuri, nakisifu mbele za watu. Lakini tazameni kinavyozungukwa. Orodha ilianza na mambo 11, leo yako 22, na mafuta na gesi asilia yamo, hayajafutwa. Ikaja Sheria ya Petroli ya 2015 ikasema shughuli za mafuta na gesi za Zanzibar zisimamiwe na Zanzibar kwa sheria zake. Mwaka uliofuata Zanzibar wakatunga yao. Orodha kwenye Katiba iko vile vile.

Mtasema, si wameridhika, unalalamikia nini? Nalalamikia mlango uliotumika. Walichopewa Wazanzibari kwa sheria ya kawaida kinaweza kuchukuliwa kwa sheria ya kawaida, asubuhi moja pale Dodoma, bila mtu kuhesabu theluthi mbili ya upande wowote. Mnaopenda Zanzibar iwe na gesi yake mngekuwa wa kwanza kudai ipite Ibara ya 98.

Kuna baya zaidi. Ibara ya 2 ya Katiba ya Muungano inampa Rais wa Muungano uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, ila kwa Zanzibar ashauriane kwanza na Rais wa Zanzibar. Mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 yakaweka Ibara ya 2A: Rais wa Zanzibar ndiye anayeweza kuigawa Zanzibar. Haya, siku wakitofautiana, mpaka wa Micheweni kule Pemba unachorwa na nani? Mambo haya hayaachiwi busara ya waliopo madarakani, kwa sababu waliopo huondoka.

Mwangalieni India. Hadhi ya Jammu na Kashmir ilikuwa kwenye Ibara ya 370, na kuifuta kulitaka pendekezo la Bunge la Katiba la jimbo lenyewe, lililokwisha kuvunjwa zamani. Agosti 2019, jimbo likiwa chini ya utawala wa Rais wa India na halina bunge lake, serikali kuu ya Delhi ikaulizana na Delhi yenyewe, ikakubali, hadhi ikafutwa. Ufunguo wa pili haukuwa na mshikaji.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuingia kwenye fedha na Tume ya Pamoja ya Fedha ya Ibara ya 134. Hayo peke yake ni mhadhara mzima, tuyaache. Ila hili la Bara siliachi. Mbunge wa Micheweni anapiga kura Dodoma kuhusu shule za msingi za Pangani. Mbunge wa Pangani hana pa kupigia kura kuhusu shule za Micheweni, hizo ni za Baraza la Wawakilishi. Waingereza wana tatizo hilo hilo na Scotland tangu bunge la Scotland lirudi mwaka 1999, hawajalitatua. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilijibu kwa serikali tatu: ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likarudi kwenye mbili, na swali la mbunge wa Pangani likabaki mezani. Mimi sing'ang'anii tatu. Hata kanuni tu ya Bunge, kwamba yasiyo ya Muungano yapigiwe kura na wabunge wa Bara, ingekuwa mwanzo.

Na bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa kwetu. Halmashauri ya Jiji ina ufunguo gani katika hilo? Wenye maswali waanze na hilo.