Jinsi ya kuuza picha za zamani za garimoshi kwenye mnada wa mtandaoni

Karibuni. Hapa mezani nina boksi la picha za garimoshi: slaidi (vipande vya filamu yenye rangi zake halisi, kila kimoja ndani ya fremu ndogo), negativi (filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) na picha za karatasi. Tunachomoa moja, tunaipeleka mnadani, tunaifuata mpaka iingie kwenye bahasha.

Kwanza nawa mikono, uikaushe vizuri. Slaidi ishike kwenye fremu, negativi kwenye kingo. Ukigusa filamu kwa kidole, usijaribu kuifuta kwa shati. Mimi nilijaribu, nikaongeza mikwaruzo juu ya doa.

Tazama kwa karibu. Hii ni slaidi ya milimita 35. Kwenye fremu ya kadibodi limeandikwa jina la filamu, Kodachrome, na pembeni maabara imegonga mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya kusafisha filamu, si ya kupiga picha; filamu iliweza kukaa kwenye kamera miezi kadhaa. Basi usiandike "ilipigwa Julai", andika "fremu imegongwa Julai". Kodachrome, ambayo Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, hutunza rangi vizuri ikihifadhiwa gizani. Filamu nyingine kadhaa za enzi hizo zimegeuka nyekundu. Kama yako imegeuka, sema.

Inyanyue kwenye mwanga, utafute namba ya injini. Ikisomeka kinyumenyume, umeshika upande usio wake. Utacheka, lakini picha za hivyo zipo minadani tele.

Na hiyo namba ndiyo inayouza. Machweo, moshi, daraja, vyote ni nyongeza. Chukua Big Boy, injini kubwa za mvuke za Union Pacific, kampuni ya reli ya Marekani: ziliundwa 25 tu, kati ya 1941 na 1944, namba 4000 hadi 4024. Mkusanyaji aliyebakiza picha ya injini moja kutimiza zote haandiki "treni nzuri ya zamani" anapotafuta. Anaandika namba. Kwa hiyo kichwa cha tangazo kibebe kampuni ya reli, namba ya injini, mahali, mwaka, kisha "slaidi halisi". Kwenye mtandao wa mnada wa eBay kichwa kinapewa herufi 80, usizimalize kwa "adimu sana".

Neno "halisi" nalo lina deni. Maana yake ni filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera. Nakala mara nyingi huwa na weusi mzito, vivuli vimemeza magurudumu. Niliwahi kuuza nakala nikiiita halisi, kwa haraka zangu. Mnunuzi akaigundua kwa kioo cha kukuzia, nikarudisha hela yote na nauli ya posta. Ukiwa na shaka, andika "huenda ni nakala".

Sasa skani. Onyesha picha, halafu fremu mbele na nyuma, pamoja na maandishi ya kalamu kama yapo. Usikoleze rangi. Weka alama yako ya maji, yaani jina lako lililofifia juu ya skani, kwa wepesi, isiifunike namba! Ukiuza slaidi, hujauza hakimiliki. Hiyo kwa kawaida hubaki kwa mpiga picha au warithi wake mpaka ihamishwe kwa maandishi. Liseme hilo kwenye maelezo.

Bei ya kuanzia: angalia zilizokwisha kuuzwa, si zinazoombwa, maana kuomba hakuna mipaka. Mimi naanza chini, lakini si chini ya kiasi ambacho nitaumia dau likibaki moja. Siku saba zinatosha, mnada ufungwe jioni ya wikendi kwa saa za wanunuzi wako. Siku za kwanza kutakuwa kimya, usitie wasiwasi; wazoefu huweka dau sekunde za mwisho. Na usimwombe rafiki akupandishie bei. Ni marufuku, na akaunti inaweza kufungwa.

Imeuzwa. Itie kwenye mfuko wa plastiki ya polipropilini, si plastiki ya PVC, uweke kati ya kadibodi mbili pana kuliko slaidi. Utepe wa karatasi wenye gundi ushike kadibodi tu, na ncha yake ikunje kidogo, hivi, ili mnunuzi auvute bila mkasi. Mtumie namba ya ufuatiliaji siku hiyohiyo.

Tuchomoe nyingine. Ona hii: mvuke umefunika ubavu mzima wa injini. Nyuma ya fremu hakuna kitu. Basi hii naiandika "namba haisomeki", na dau la kuanzia nalishusha.