Rory Dall Yupi? Kuwatafuta Watunzi wa Tuni za Kinubi cha Kigaeli

Mabibi na mabwana, nianze na neno moja la Kigaeli: dall, yaani kipofu. Wapiga vinubi wengi wa Ayalandi na Uskoti walikuwa vipofu, kwani mtoto aliyepofushwa na ndui mara nyingi alifunzwa kinubi ili apate riziki, na ndiyo maana jina Rory Dall halimtambulishi mtu mmoja. Wawili walivuma, na wote waliitwa Ruaidhrí, yaani Rory kwa Kigaeli. Ruaidhrí Dall Ó Catháin, Mwayalandi, alizunguka katika majumba ya makabaila wa Uskoti mwanzoni mwa karne ya 17. Ruaidhri Dall Mac Mhuirich, aliyezaliwa yapata mwaka 1656, alimpigia kinubi mkuu wa ukoo wa MacLeod huko Dunvegan, Uskoti. Basi tukikuta tuni iitwayo "Rory Dall's Port", ile ambayo mshairi wa Uskoti Robert Burns aliitilia maneno ya wimbo "Ae Fond Kiss", tumtaje Rory yupi?

Tarehe ya hati hutusaidia, ila kwa upande mmoja tu: tuni iliyonakiliwa kabla ya Mac Mhuirich kuzaliwa haiwezi kuwa yake, lakini iliyonakiliwa baada ya kifo chake yaweza kuwa ya yeyote kati yao, au isiwe ya hata mmoja.

Edward Bunting, kijana wa miaka 19, alipoajiriwa kuandika tuni za wapiga vinubi waliokusanyika Belfast mwezi Julai 1792, aliandika pia walichoamini kuhusu watunzi. Arthur O'Neill, mmoja wao, alisimulia jinsi Ó Catháin alivyotunga "Tabhair dom do lámh", yaani "Nipe mkono wako", baada ya Bibi wa Eglinton, kabaila wa Uskoti, kumkosea kisha akamwomba radhi. Kisa ni kitamu, nami nakipenda, lakini kilisimuliwa karibu miaka 200 baada ya tukio lenyewe.

Kwa Turlough Carolan (1670–1738), mpiga kinubi kipofu wa Ayalandi, tuna nafuu. Tuni zake nyingi zina majina ya wafadhili wake, na ndoa na vifo vya watu hao hutupa tarehe. Mtafiti Donal O'Sullivan, katika kazi yake ya mwaka 1958, alizipanga 213. Hata hivyo umaarufu huvuta vya wengine. "Molly MacAlpin", ambayo Bunting aliihesabu kuwa ya mpiga kinubi mwingine, Connellan, inapigwa leo kwa jina la "Carolan's Dream", ingawa inasimuliwa kwamba Carolan mwenyewe alisema angependa kuwa mtunzi wa hiyo kuliko wa tuni yoyote aliyoitunga yeye.