Spesa ya pumu kwa chupa ya nusu lita

Haya, karibuni tena. Leo mashine ya kupima presha imepumzika. Hapa mezani nina inhela, yaani pampu ya dawa ya pumu, chupa ya plastiki na waya wa hanga, na tunatengeneza spesa ya mtoto mwenye pumu. Ya dukani ni nzuri, sikatai, lakini si kila mzazi anaimudu. Na hapa Kisumu unaweza kuzunguka kutoka Kondele hadi mjini, kila chemist unaambiwa imeisha.

Spesa ni ya nini? Mtoto akipuliziwa inhela moja kwa moja mdomoni, dawa inatoka kwa kasi, inagonga ulimi na koo, nyingi inaishia hapo. Kifua kinapata makombo. Ukiweka chupa katikati, dawa inatulia humo ndani, mtoto anaivuta kwa pumzi zake mwenyewe. Basi, tuchome plastiki.

Chupa ni ya nusu lita, na mimi nachukua ya maji. Ya soda ina ile miguu mitano chini, utahangaika nayo mpaka jioni. Ioshe, kifuniko tupa.

Sasa, kabla hujawasha chochote: toa mkebe wa dawa kwenye inhela. Huu wa chuma. Uvute hivi, umetoka, upeleke chumba kingine kabisa. Umejaa gesi iliyoshindiliwa, na ukipata moto unalipuka. Tunabaki na hili ganda la plastiki peke yake. Na mtoto mwenye pumu asiwe hapa, moshi wa plastiki ndio wa mwisho anaouhitaji. Mimi niko nje, uani, na mpwa wangu nimemtuma kwa jirani.

Waya: ukunje ufuate mdomo wa ganda, pale mtu anapoweka midomo. Si duara, ni kama yai lililobanwa. Uzungushe pale pale juu ya ganda, ubane kwa koleo, na ubakize mkia mrefu wa kushikia. Kitanzi kiwe kidogo kuliko mdomo wa inhela. Kidogo kuliko. Nitarudia hilo mpaka mnichoke, kwa sababu tobo dogo utalipanua, lakini tobo kubwa hulipunguzi.

Jiko hili hapa, mkaa umeshika. Waya ndani, mkia nimeufunga kitambaa... Ngoja, upepo. Simu inayumba, nimeiegemeza kwa debe la unga. Sawa, imekaa. Nilikuwa nasema, mnapoona waya unaanza kuwa mwekundu... ona sasa, nimeutoa nikaanza kupiga hadithi, umepoa. Unarudi motoni. Huu waya haungoji mtu anayeongea.

Haya. Chupa kichwa chini, kitako juu. Kitanzi katikati ya kitako, bonyeza mara moja, usikoroge. Sikia hiyo, tsss. Kipande kinadondoka ndani. Na sasa haraka, plastiki ikiwa bado laini, sukuma mdomo wa inhela uingie kwa kubanwa. Shikilia, usichezeshe. Hesabu polepole mpaka plastiki ipoe na kulikumbatia ganda. Ukilitikisa sasa, pembeni panafunguka ufa, na ufa ndio unaoua kazi yote.

Na si mimi tu ninayeng'ang'ania ufa. Watafiti wa Cape Town waliwajaribu watoto waliobanwa na pumu, matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifungua kifua sawa na spesa ya kununua. Chupa ile ile bila kuzibwa ikashuka. Kikombe cha polistirini, kile cheupe cha chai ya sherehe, kikawa cha mwisho. Kwa hiyo ukiona mtu kwenye simu anatoboa kikombe, mpite.

Elekeza kwenye mwanga, uangalie ukingo wote. Hapa naona... sogeeni karibu, hapa kwenye kona. Mwanga unapita, mstari mwembamba kama uzi. Watu wengi wangesema si kitu. Ni kitu. Nachukua plasta, hii hii ya kidonda, nazungusha mara mbili na kubana kwa kucha. Tena mwangani. Giza. Hapo sawa. Ziba pale ganda linapoingia kwenye chupa tu. Juu, mkebe unapokaa, usizibe, hewa inapitia huko.

Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Usichemshe, itajikunja kama karatasi. Na usiifute kwa kitambaa! Najua mikono inawasha, sisi wauguzi tunapenda kufuta kila kitu. Ukisugua plastiki inapata umeme tuli, dawa inanasa ukutani badala ya kwenda kwa mtoto. Iache ijikaukie.

Hii niliyoosha jana imekauka, mkebe nimerudisha. Mpwa wangu naye amerudi, ana miaka saba, salimia watu. Hataki. Sawa.

Tikisa inhela. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi, puliza mara mbili hewani kwanza. Mtoto aketi wima. Midomo izunguke shingo ya chupa, asiing'ate, ulimi uwe chini. Bonyeza mara moja. Moja. Avute na kutoa pumzi taratibu, mara tano au sita, mdomo ubaki pale pale. Kama ameandikiwa mipulizo miwili, ngoja nusu dakika hivi, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa pamoja ili umalize haraka ni kumwaga dawa. Ona, anachekea puani. Kaza midomo, baba. Eeh, hivyo.

Mtoto mdogo asiyeweza kukaza midomo anahitaji barakoa yake. Huyo chupa tupu haimtoshi, uliza kliniki.

Inhela ya buluu, ya salbutamol, inafungua kifua sasa hivi. Ile nyingine, mara nyingi ya kahawia, ya beklometasoni, ni kinga ya kila siku hata mtoto akiwa mzima. Baada ya hiyo ya kinga asukutue mdomo na kutema, la sivyo ataota fangasi nyeupe ulimini. Na wale wanaoniambia "ukianza pampu hutaiacha", wanataka siropu: siropu inapita tumboni kwanza, inachelewa, na mtoto anatetemeka mikono, moyo unamwenda mbio. Mimi nachagua pampu, hata kwa wangu.

Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka buluu au kijivu, hiyo si ya video. Tafuta gari, nendeni hospitali. Njiani endelea na ile ya buluu, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika nzima, usizidi kumi. Wale wa Muhoroni na Chemelil, mashamba ya miwa yakichomwa mnaujua huo moshi. Funga madirisha mapema, na inhela iwe mfukoni, si juu ya kabati kwa nyanya.

Swali ninaloulizwa kila mara: nitajuaje dawa imeisha? Usiuweke mkebe majini uone kama unaelea, njia hiyo haisemi kweli, na inaweza kuharibu vali. Mikebe mingi ya buluu ina mipulizo 200. Andika idadi pembeni kwa kalamu ya wino, kila ukitumia punguza. Gesi inaweza kuendelea kutoka hata dawa ikiwa imeisha, usidanganywe na sauti.

Chupa ikipasuka au plasta ikilegea, tengeneza nyingine, waya ule ule. Siuzi chupa, msinipigie kwa chupa. Wa mashine za kupima presha nipigieni kabla ya saa kumi na mbili jioni, wiki hii niko zamu ya usiku.