Mbegu Imelala, Haijafa

Asalam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni. Njooni mbele, viti vipo.

Nianze na mkoko. Aliyepita Chwaka, pwani ya Unguja, maji yamekupwa ameviona vile vijiti vya kijani vinavyoning'inia matawini. Ile ni miche. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, hailali hata siku moja.

Kinyume chake kipo Marekani: nyasi ya mbugani iitwayo kitaalamu Panicum virgatum, hurefuka ikampita mtu. Mwaka 1991 Wizara ya Nishati ya huko iliichagua iwe zao la mfano la nishati, la kuchomwa au kugeuzwa ethanoli. Ikishashika, huvunwa miaka mingi bila kupandwa tena. Kazi ni kushika huko. Mbegu mpya ukizifukia na kuzimwagilia, nyingi hunyamaza, na mkulima akadhani kauziwa mbegu mbovu.

Hazijafa, zimelala. Ndani ya mbegu homoni mbili, yaani kemikali za kupeleka ujumbe, zinavutana: asidi ya absisiki husema "ngoja", giberelini husema "toka". Si kwamba iliyolala ina jeni, yaani maagizo ya urithi, nyingine na iliyoamka nyingine. Kumbukeni chuoni: juzuu nzima unayo mkononi, lakini inayosikika ni sura uliyoambiwa usome. Mbegu iliyolala inasoma jeni za kutengeneza "ngoja". Iroweshe, uiweke kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi kwa wiki mbili hadi nne, na sasa zinasomwa jeni za kuivunja asidi ile na za kutengeneza giberelini. Hapo kimeng'enya cha amilesi, protini ya kuvunja wanga, hutolewa, wanga unageuka sukari, na kimche kinapata chakula cha kutokea. Hata hidrojeni peroksidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda, huweza kuiamsha.

Baridi ni ishara kwamba majira ya theluji yamepita. Ingeota kabla yake, ingekufa.

Kijana mmoja kaniuliza: kwa nini wataalamu wasizalishe mbegu isiyolala kabisa? Zimeshachaguliwa zinazolala kidogo, lakini mie naona wende pole. Waliolima mpunga Cheju wanajua: mvua ikiyakuta mashuke yamekomaa, mbegu isiyolala huota palepale juu ya shuke. Umechukua kisu kwenda kuvuna, unakuta miche. Mkoko una ruhusa ya kufanya hivyo, mkoko hatuupiki.