Kura Imepigwa, Bunge Lifanyeje?

Mabibi na mabwana, swali mliloniletea ni hili: wananchi wakishapiga kura ya maoni, wabunge wana ruhusa ya kuitupa? Nitalijibu kwa mfano wa Uingereza, na kisheria jibu ni fupi. Wanayo. Uingereza haina katiba moja iliyoandikwa ikakaa juu ya Bunge. Bunge hutunga sheria yoyote na kufuta yoyote, wala Bunge la leo haliwezi kulifunga lile la kesho.

Ila mimi naona tunagombana sana juu ya siku ya matokeo, na kuisahau sheria iliyoitisha kura yenyewe.

Tuanze Scotland, sehemu ya Uingereza, tarehe 1 Machi 1979. Waliotaka bunge lao walipata asilimia 51.6 ya kura. Wameshinda? Hapana. Mbunge mmoja, George Cunningham, alikuwa ameshapenyeza sharti kwamba “ndiyo” ifikie asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa, na ilifika 32.9 tu. Sheria ya kuunda bunge hilo ikaja kufutwa baadaye mwaka huo. Mwezi huohuo wa Machi serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan ikaangushwa bungeni kwa kura 311 dhidi ya 310, wabunge wa chama cha kizalendo cha Scotland wakiwa miongoni mwa walioiangusha. Hasira ya kura ya maoni haikai kwenye karatasi.

Mwaka 2011 Bunge lilifanya kinyume chake. Lilipowauliza wananchi kama wabadili mfumo wa kuchagua wabunge, liliandika kabisa kwamba “ndiyo” ikishinda, waziri lazima autekeleze. Ilishinda “hapana”, lakini kila mtu alijua anapigia nini.

Sasa njooni 2016. Sheria ya 2015 iliyoitisha kura ya Brexit iliuliza swali, ikanyamaza. Haikuweka kiwango, haikusema nani afanye nini baadaye. Asilimia 51.9 wakasema tutoke Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu Theresa May akadai anaweza kuanzisha safari ya kutoka bila kupitia bungeni. Mahakama ya Juu, Januari 2017, majaji 8 dhidi ya 3, ikamwambia hapana, inahitajika sheria. Maana yake kura ile ilikuwa na uzito wa kisiasa tu.

Hapo wabunge wangeweza kukataa. Wengi wao walikuwa wametaka kubaki. Hata hivyo 498 waliuunga mkono mswada wa sheria hiyo uliposomwa mara ya pili, 114 wakapinga. Wapo waliowaita waoga. Mimi sikubaliani: aliyemwita mgeni mezani hana uso wa kumnyang'anya sahani. Uzembe ulikuwa wa 2015.

Kenya walilimaliza suala hili mapema. Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 kinataja mambo ambayo Bunge peke yake haliwezi kuyabadili, mpaka wananchi waulizwe, na angalau asilimia 20 ya walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti. Pale Bunge liko chini ya Katiba, na kuipuuza kura hiyo ni kuivunja.

Na Waingereza? Walipokuwa wanatoka, Januari 2020, waliandika ndani ya sheria ya mkataba wa kujitoa, kifungu cha 38, kwamba Bunge lao lina mamlaka kuu. Nacho ni kifungu ambacho Bunge linaweza kukifuta likitaka.