Mtawa wa Kwenye Bango

REHEMA: Karibuni, karibuni jamani. Rehema hapa, na pembeni yangu yupo Sudi, leo kaja na goti lake.

SUDI: Linaendelea vizuri. Mliotuma dawa za kienyeji nimezipokea, mama mkwe kazitaifisha zote.

REHEMA: Leo nina orodha, nimeiandika kabisa. Mambo sita ya kumuuliza mwalimu wa kung-fu kabla hujamkabidhi mtoto wako na ada yako. Lakini kwanza niwape ya Jumamosi.

SUDI: Orodha ndiyo imeshakufa hivyo.

REHEMA: Haijafa! Sikiliza. Nilikwenda kumchukua Ilham mazoezini. Mnakumbuka kaacha mpira wa pete, kahamia kung-fu, mtindo unaoitwa Wing Chun. Nafika mapema, nakaa kwenye benchi, ukutani naona bango la turubai, kama yale ya wanasiasa. Juu kabisa kuna mchoro wa mtawa wa kike, kanyoa kipara, kafumba macho. Chini yake mistari inashuka kama shajara ya ukoo: Yim Wing Chun, mumewe, wazee wawili watatu, Leung Jan, Chan Wah-shun, Ip Man. Kutoka kwa Ip Man kuna kimstari kinakwenda kwenye kiboksi kitupu. Na kutoka kwenye kiboksi kitupu, picha ya pasipoti ya mwalimu wetu.

SUDI: Ya pasipoti?

REHEMA: Ile yenye pazia la bluu nyuma. Imebandikwa kwa gundi, kona moja imeshaanza kubanduka. Na kavaa tai, Sudi.

SUDI: [anacheka] Wenzake wote kanzu za hariri, yeye tai.

REHEMA: Nikamuuliza kwa adabu kabisa, mwalimu, hapa katikati pametupu, ni nani huyu? Akasema, "Ni mwalimu wa mwalimu wangu, yuko Guangzhou, hapendi kujulikana."

SUDI: Wapo walimu wa namna hiyo, mama Ilham. Kweli kabisa.

REHEMA: Wapo pia wafanyakazi hewa wa namna hiyo. Nimekagua hesabu za watu miaka mingi, nawajua, hawapendi kujulikana hata kidogo.

SUDI: Haya, twende polepole. Ip Man mwenyewe hana shida. Kazaliwa Foshan, Guangdong, mwaka 1893, kahamia Hong Kong baada ya vita, na mwaka 1950 kaanza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa mikahawa, Kowloon. Bruce Lee kapita kwake. Kafa 1972, na muda mfupi kabla ya kufa walimpiga filamu akionyesha mbinu zake, mzee mwembamba, mgonjwa, anapiga ile sanamu ya mti. Ipo, mtu yeyote anaiona.

REHEMA: Huyo nasaini. Chan Wah-shun aliyemfundisha, nasaini. Leung Jan, tabibu wa mitishamba pale Foshan, nasaini. Kupanda juu ya hapo siweki muhuri.

SUDI: Kwa sababu ya mtawa.

REHEMA: Kwa sababu ya mtawa! Siku mbili nimekesha naye, mwanangu kalala mimi nasoma habari za mtawa. Waeleze hadithi yenyewe, wewe unaipenda.

SUDI: Naipenda kweli. Watawala wa Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China enzi hizo, wanachoma hekalu la Shaolin, wazee watano wanatoroka, mmoja ni mtawa, Ng Mui. Anajificha mlimani, siku moja anaona korongo anapigana na nyoka, pale anapata wazo la mtindo mpya, mtindo wa mtu mdogo dhidi ya mtu mkubwa. Bondeni kuna binti wa muuza tofu, jina lake Yim Wing Chun. Jambazi la mtaa linataka kumuoa kwa nguvu. Mtawa anamfundisha, binti anaomba pambano, jambazi linapigwa mbele za watu. Binti anaolewa na mchumba wake, anamfundisha mume.

REHEMA: Nzuri. Sasa sikia. Huyo Ng Mui, mahali pa mwanzo kabisa anapojulikana kuonekana kwenye maandishi ni riwaya. Riwaya ya vituko, mtunzi hajulikani, ilitoka mwaka 1893.

SUDI: Mwaka aliozaliwa Ip Man.

REHEMA: Mwaka uleule! Yaani bibi yake wa kung-fu na yeye wametoka pamoja. Na haijaishia hapo. Ndani ya riwaya hiyo Shaolin ndio wakorofi, na huyo mtawa yuko upande wa waliowaangamiza. Ni adui! Miaka ikapita, wasimulizi wakamgeuza shujaa, wakamtoa riwayani, wakampandisha kwenye shajara. Na sasa yuko Kinondoni ananiangalia juu ya benchi la wazazi.

SUDI: Kafumba macho, hakuangalii.

REHEMA: Ananiangalia kwa ndani.

SUDI: Lakini wewe umekagua upande mmoja. Chini ya mtawa na yule binti kuna majina mawili, Wong Wah-bo na Leung Yee-tai. Hao ni watu wa opera, waigizaji wa zile mashua nyekundu zilizokuwa zikizunguka mitoni Guangdong, usiku huu kijiji hiki, kesho kingine. Mwaka 1854 watu wa opera waliasi. Mwigizaji mmoja, Li Wenmao, aliongoza wenzake kupigana na Qing, wengine wakiwa na mavazi yao ya jukwaani. Serikali iliporudi ikabomoa ukumbi wa chama chao pale Foshan, ikapiga opera marufuku kwa miaka. Sasa niambie, wewe umesalia, unafundisha watu kupigana, unaulizwa umejifunza wapi. Utasema kwa fulani aliyenyongwa? Utasema kwa mtawa mmoja hivi, mlimani.

REHEMA: Hiyo ni nadharia yako.

SUDI: Si yangu peke yangu.

REHEMA: Ni nzuri, naipenda kuliko korongo na nyoka. Lakini angalia ulichofanya. Umechukua uasi wenye mwaka na jina, ukautumia kumkingia kifua mtu ambaye hana hata kimoja. Hivyohivyo ndivyo walivyofanya Shaolin. Kuna kitabu cha mazoezi ya misuli wanachomhesabia Bodhidharma, yule mtawa wa kale wanayesema ndiye aliyewaanzishia kung-fu. Utangulizi wake una tarehe ya mwaka 628 na sahihi ya Li Jing, jenerali mkubwa wa utawala wa Tang. Kitabu chenyewe ni cha 1624. Karibu miaka elfu, Sudi! Hiyo kwetu ofisini inaitwa kughushi, na mtu anakwenda Keko.

SUDI: Na nani aliyekwambia hayo? Si yule wakili wako?

REHEMA: Tang Hao! Mtu wangu. Kasomea sheria Japani, akarudi, mwaka 1930 akachapisha utafiti unaoonyesha kwamba Bodhidharma na yule mtakatifu wa Kitao, Zhang Sanfeng, hawakuanzisha kung-fu wala taichi, ule mtindo wa mwendo wa polepole. Halafu akaenda mpaka kijiji cha Chen, Henan, kutafuta taichi ilikotoka, akasoma vitabu vya ukoo kurasa kwa kurasa. Inasemekana kuna walimu walitaka kumpiga.

SUDI: Wewe wangekupiga.

REHEMA: Wangenipiga kwa mtindo wa nani, ndiyo swali langu.

SUDI: [anacheka] Haya. Mimi nilisoma mtindo mwingine, Ilala, enzi hizo goti zima, lakini utaratibu ni mmoja. Ukikubaliwa kuwa mwanafunzi wa ndani, unapiga magoti, unampa mwalimu chai kwa mikono miwili, anakunywa mbele ya mashahidi. Kuanzia hapo yeye ni baba, mwalimu wake ni babu yako, aliyekutangulia ni kaka hata kama wewe umemzidi umri. Siku ukimpiga mtu mlevi barabarani, aibu inapanda mpaka kwa babu. Hiyo ndiyo kazi ya shajara. Haikuwekwa kwa ajili ya wanahistoria.

REHEMA: Aibu inapanda mpaka kwa nani? Kwenye kiboksi kitupu?

SUDI: Mwalimu wako anakiheshimu hicho kiboksi.

REHEMA: Anakiogopa? Kinaweza kumpigia simu? Mnyororo wa walimu unamdhibiti mtu pale ambapo kuna mtu hai juu yake wa kumwambia "wewe, acha." Yeye juu yake kuna hewa, juu ya hewa kuna marehemu, juu ya marehemu kuna mhusika wa riwaya. Hana mkubwa! Bango limempa hadhi ya kuwa na wakubwa bila kero ya kuwa nao.

SUDI: Hilo umesema vizuri, ila bado sikubali.

REHEMA: Basi chukua Ma Baoguo. Mei 2020, Zibo, mkoa wa Shandong. Mzee wa miaka 69 anajiita mkuu wa mtindo wake wa taichi, ana mbinu ya umeme na nini sijui. Kapanda ulingoni na mtu wa mazoezi ya kawaida, naye kashafika hamsini. Kaangushwa mara tatu ndani ya nusu dakika, ya tatu hakuamka mwenyewe. Mwezi wa saba tu, Chama cha Wushu cha China kikatoa tamko, msijiite mabingwa wakuu, wakuu wa mitindo, wala warithi halali. Wachina wenyewe wamechoka, Sudi.

SUDI: Wamechoka na majina ya kujipa, hawajachoka na walimu. Na ulingo unathibitisha nini? Kwamba mzee kazidiwa. Pambano la Macau la 1954 unalijua? Wu Gongyi, mtu wa taichi, ukoo wa Wu, baba na babu walimu. Mwenzake Chan Hak-fu, mtindo wa korongo mweupe. Shajara zote mbili safi, zina mihuri yako yote. Wamerushiana mikono pale, pua inatoka damu, pambano likakatizwa, hakuna aliyetangazwa mshindi. Ukitazama ile filamu huoni taichi, huoni korongo, unaona wanaume wawili wanagombana kituoni.

REHEMA: Si ndiyo hoja yangu? Ukoo haukusaidii kupigana.

SUDI: Sijawahi kusema unasaidia kupigana! Nasema kiingilio kilikwenda kwa waliounguliwa nyumba Shek Kip Mei, kule Hong Kong, Krismasi ile, maelfu kwa maelfu wamelala nje. Waliweza kujaza watu kwa sababu wale wawili hawakuwa watu binafsi, walikuwa familia. Mtu asiye na ukoo nani angelipa kumuona?

REHEMA: Na siku tatu baadaye gazeti la Hong Kong likaanza riwaya ya mfululizo ya mapigano kwa sababu ya joto la hilo pambano. Umeona? Kung-fu inazaa riwaya, riwaya inazaa mtawa, mtawa anazaa tai na pazia la bluu.

SUDI: Hebu mwachie mtawa apumzike. Nikuulize wewe, kwenu mnasema mmetoka Shirazi, si ndiyo?

REHEMA: Usianze.

SUDI: Bibi yako alisema, nilikuwepo msibani. Wasomi wangapi walitwambia huo Ushirazi ni porojo za kujikweza? Mwaka 2023 wakapima vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Manda, Mtwapa, Kilwa. Wakakuta damu ya Uajemi, upande wa kiumeni, ya kuanzia kama miaka elfu iliyopita. Wazee hawakuwa na risiti na walikuwa na jambo.

REHEMA: Walikuwa na jambo kwa baadhi ya watu, na upande wa kikeni ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, ambao hadithi ziliusahau. Kwa hiyo hata pale hadithi ilichagua nani wa kumtundika. Halafu bibi yangu hatozi ada kwa mwezi.

SUDI: Ada ndiyo inayokuuma.

REHEMA: Inaniuma ndiyo! Mwanangu ana miaka tisa. Anaambiwa akipiga ngumi hivi ndivyo alivyopiga mtawa. Siku akikua akajua mtawa hakuwepo, ataamini nini kati ya alivyofundishwa mle?

SUDI: Ataamini ngumi, kama ilikuwa nzuri. Ilham anapiga vizuri?

REHEMA: Anapiga vizuri sana.

SUDI: Basi.

REHEMA: Basi nini? Hujajibu.

SUDI: Wala wewe. Nikikupa shajara yenye mihuri yote na mwalimu anayewatukana watoto, na bango la uongo na mwalimu anayempigia mzazi simu mtoto asipofika, utampeleka wapi?

REHEMA: Umenipangia machaguo mawili kama mtihani wa darasa la saba. Nataka la tatu, mwalimu mzuri na ukuta mtupu.

SUDI: Ukuta mtupu hakuna mzazi atakayepanda ngazi.

REHEMA: Kwa hiyo ni tangazo! Umekubali.

SUDI: Sijakubali! Tangazo ni kwa wa nje. Kwa wa ndani ni kiapo. Kitu kimoja, kazi mbili.

REHEMA: Kiapo kwa jina la mtu wa riwayani.

SUDI: Tutakesha hapa.

REHEMA: Hatukeshi, wanagonga, wenye chumba wa saa kumi wameshafika. Jamani orodha yangu. Haraka. Moja, muulize alijifunza kwa nani, miaka mingapi, na huyo mtu anapatikana vipi.

SUDI: Na kama mwalimu wake amefariki?

REHEMA: Basi wale aliosoma nao! Dakika ngapi? Hakuna? Mambo matano yamebaki, jamani.

SUDI: La pili nilikuwa nakubaliana nalo.

REHEMA: Hata hujalisikia. Ndiyo, ndiyo, tunatoka! Wiki ijayo ni madalali wa vyumba na kodi ya miezi sita. Tumeni sauti zenu, zisizidi dakika moja, hasa wewe wa Mbagala, unajijua.