Kambale anasubiri mafuriko

Haya wazee wangu, akina mama, vijana, asanteni kwa kuja, jua kali na wengine mmeacha mitumbwi hapo chini so sitazunguka sana. Nimeitwa niongelee kokoro, ule wavu wa kukokota, na nyavu za macho madogo, nitafika huko, ila mi naanza na maji.

Mchukueni kambale. Mto Rufiji ukianza kujaa, maji mapya yakaingia kwenye majani, kambale anatoka mtoni anapanda mbugani, maji ya magotini tu, anataga humo, mayai yananata kwenye nyasi na baada ya siku moja au mbili vitoto vishatoka. Vinakulia humohumo, maji yakishuka vingine vinarudi mtoni vingine vinabaki kwenye haya maziwa yetu, Zumbi, Utunge, Ruwe, ndo hao mnaovua kiangazi. Sasa mto usipotoka kwenye kingo zake, hata tuvue watu watano tu ziwa zima, mwakani tutavua nini?

Bwawa la Nyerere hapo juu, megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Kazi yake ni kushika maji ya masika yatumike kiangazi, yaani kinyume kabisa na anavyotaka kambale, na matope yenye rutuba nayo yanatulia hukohuko badala ya kushuka mashambani na kwenye mikoko ya delta wanakokulia kamba. Sisemi umeme mbaya, hii simu nimeichaji asubuhi hapahapa. Na Mtera wamejenga bwawa wakapata samaki, sawa, ila ni samaki wa bwawani, wa huku chini ni hesabu nyingine. Najua mtaniuliza, mbona Aprili 2024 tulifurika mpaka mpunga ukaenda na maji? Kweli. Lakini furiko la ghafla sio lile linalopanda taratibu likakaa wiki kadhaa, kambale anajua tofauti.

Anayebisha kwamba maji ndo kwanza aangalie mto Ruaha Mkuu. Tangu 1993 unakatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, maji yanaishia kule juu bonde la Usangu kwenye mpunga na mengineyo, samaki wanabanana na viboko kwenye vidimbwi mpaka wanakufa. Na mle hifadhini hakuna mwenye kokoro jamani!

Haya, nyavu sasa, msidhani mmepona. Perege wetu huyu, Oreochromis urolepis, mama anabeba mayai mdomoni, na vitoto vikishtuka vinakimbilia humohumo mdomoni, so ukipitisha chandarua umebeba mama na ukoo wake wote. Juzi nimeona sokoni karai zima la perege wa urefu wa kidole gumba, wanauzwa kwa kisado, nikamuuliza yule mama akaniambia mwanangu wakubwa wako wapi? Sikuwa na la kumjibu, nikanunua nyanya nikaondoka.

Ninachoomba BMU zetu, hivi vikundi vyetu vya kusimamia uvuvi, zikienda kikaoni zisiishie kwenye kuchoma nyavu, waulizeni na wenye bwawa, masika mtatuachia maji kiasi gani na yatakaa siku ngapi. Naona mkono pale nyuma, mzee karibu, ila kama ni fidia ya mpunga hiyo mi sina jibu.